Baba wa Kambo, Baba Asiyeonekana, na Mtoto Aliye Kati Yao

Liko swali ambalo halikomi kuulizwa majumbani mwetu, na kwa kawaida huulizwa kwa sauti ndogo, usiku, watoto wakiwa wamekwisha kulala. Mama ameolewa, naye alikuja kwa mumewe na mtoto mkononi. Baba aliyemzaa mtoto huyo hajulikani aliko. Hakuna barua, hakuna salamu, hakuna senti. Mume wa sasa ndiye aliyemfundisha mtoto kutembea, ndiye aliyemnunulia sare ya shule, na mtoto humwita “baba” wala hajui neno jingine la kumwita. Je, mbele ya sheria mtoto huyu ni wa nani?

Wengi hujibu upesi kwa methali tuijuayo sote, kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ni jibu zuri, nasi hatulipingi. Lakini methali haiandikwi katika cheti cha kuzaliwa, wala hakimu hagawi mirathi kwa methali. Kwa sababu hiyo twaona yafaa leo kulieleza jambo hili kwa utaratibu, jinsi lilivyo katika sheria za Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar wanayo Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2011, na yale tusemayo hapa wasiyachukue kuwa ni yao bila kuuliza kwanza.

Na tuchukue mfano, ambao si wa mtu mmoja bali ni wa watu wengi. Tuseme yuko binti aliyezaa na kijana mmoja wa jirani. Mtoto alipokuwa na miezi minane, kijana akaenda migodini kutafuta riziki. Mwaka wa kwanza alituma fedha mara mbili. Mwaka wa pili alituma salamu. Tangu hapo kimya. Binti akaolewa na fundi seremala, mtu mpole na mchapakazi, naye akamchukua mtoto kama wake. Siku ya kumwandikisha shule, fundi akatoa jina lake mwenyewe liandikwe kuwa jina la baba. Hakuna aliyeuliza. Wakazaliwa watoto wengine watatu, wakala sahani moja, wakalala kitanda kimoja. Miaka kumi na miwili ikapita hivyo. Kisha fundi akaugua, akafa, naye hakuwa ameacha hati yoyote.

Msiba ulipokwisha, ndugu za marehemu wakaketi. Wakahesabu nyumba, randa na misumeno, shamba la miti, na watoto. Walipohesabu watoto wakataja watatu. Yule wa kwanza, aliyeshika msalaba mbele ya jeneza, wakamwambia kwa upole (maana hawakuwa watu wabaya) kwamba yeye anaye baba yake, na akamtafute.

Hapo ndipo watu hushtuka na kusema sheria ni katili. Lakini sheria haikufanya lolote siku ile. Ilikuwapo miaka yote kumi na miwili, na hakuna aliyekwenda kuitumia.

Tuanze na lile ambalo wanaume wengi hawalijui. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imemtaja mtu huyu waziwazi. Inasema kwamba mwanamume akimpokea mtoto asiye wake awe mmoja wa jamaa ya nyumba yake, yampasa kumtunza maadamu bado ni mtoto, kwa kadiri ambavyo baba na mama waliomzaa wameshindwa. Kwa hiyo asiseme mtu, baada ya kumlisha mtoto miaka sita, kwamba alikuwa akitoa sadaka tu na leo amechoka. Kumpokea ni kujifunga. Lakini sheria hiyohiyo imempa haki pia: gharama alizotumia aweza kuzidai kwa baba au mama wa mtoto kama deni, na wajibu wake hukoma iwapo mzazi atamchukua mtoto wake. Twasikia mara chache mno baba wa kambo aliyekwenda kudai deni hilo, na labda ni heri, maana mtoto asikiaye kwamba amehesabiwa bei ya unga na madaftari hasahau. Hata hivyo ni vyema kujua kwamba haki ipo.

Angalia basi jinsi sheria hii ilivyo na mpaka. Inampa mtoto chakula, mavazi, makazi na elimu wakati baba wa kambo yu hai. Haimpi jina lake. Haimfanyi mrithi wake. Nyumba ya fundi wetu ilikuwa imesimama juu ya wajibu wa kulisha tu, nao wakadhani imesimama juu ya uzazi.

Zamani desturi zetu zilikuwa na njia zao za kumaliza mambo haya. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya desturi za makabila yafuatayo ukoo wa kuumeni, lilimruhusu mwanamume kumhalalisha mtoto wa nje ya ndoa kwa kumwoa mama yake, au kwa kumlipa baba wa binti shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Asipofanya hivyo, mtoto alikuwa wa upande wa mama. Ikawapo na sheria nyingine, iliyotungwa wakati wa Waingereza, iliyomwezesha mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto na kupata matunzo. Nayo iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Miaka ikapita, fedha ikashuka thamani, kikomo kikabaki palepale, hata siku za mwisho wa sheria hiyo shilingi 100 hazikutosha kununua kilo moja ya sukari. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, ndiyo iliyoifuta hiyo, pamoja na ile ya zamani ya kuasili watoto, na kuyaweka mambo yote ya mtoto katika kitabu kimoja. Mtoto, kwa sheria hii, ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18, na jambo la kwanza la kuangaliwa katika kila shauri lake ni manufaa yake mwenyewe. Si heshima ya ukoo, wala si hasira ya mama.

Sasa sheria hiyo imefungua milango miwili ambayo watu huichanganya sana.

Mlango wa kwanza ni ule wa ulezi, yaani amri ya mahakama ya kukaa na mtoto na kumwangalia. Mzazi, mlezi, au ndugu anayemlea mtoto aweza kuomba. Amri hii humpa mwombaji nguvu ya kusema juu ya makazi ya mtoto, shule yake na matibabu yake, bila kuyumbishwa na kila ajaye. Lakini haivunji undugu wa damu. Baba aliyetoweka hubaki baba. Akionekana aweza kuomba kumwona mtoto wake, aweza kudaiwa matunzo, na mahakama yaweza kuibadilisha amri iwapo mambo yamebadilika. Ulezi ni kama ua uliozungushiwa shamba: unalinda, na ukihitajika waweza kuhamishwa.

Mlango wa pili ni kuasili. Huu si ua, ni shamba kubadili mwenyewe. Amri ya kuasili ikishatolewa, haki na wajibu wote wa mzazi wa kwanza juu ya mtoto hukoma, hata zile zitokanazo na mila, na aliyeasili huwa mzazi kana kwamba mtoto alizaliwa katika ndoa yake. Akifa bila wosia, mtoto huyo hurithi pamoja na wale aliowazaa. Amri huandikwa katika daftari la watoto walioasiliwa, ambalo hutunzwa na Msajili Mkuu. Kama fundi seremala angalikuwa amepita mlango huu, wale ndugu wangalihesabu watoto wanne.

Hapa na tuweke neno moja juu ya lugha, maana limewapoteza wengi. Katika ofisi za ustawi wa jamii utasikia “malezi ya kambo”. Usidhani maana yake ni malezi ya baba wa kambo aliyemwoa mama yako. Hilo ni jina walilolipa jambo jingine, yaani kumweka mtoto kwa muda katika nyumba ya watu waliokubaliwa, anapokosa nyumba ya kwao. Baba wa kambo aendaye kuulizia ofisini na aseme waziwazi: nimemwoa mama wa mtoto huyu, nataka kumwasili.

Je, aende peke yake, akiacha mkewe nyumbani? La. Sheria inamruhusu mama mzazi aombe pamoja na mumewe. Wala mama asiogope kwamba atapoteza mtoto kwa kutia sahihi. Wote wawili ndio watakaokuwa wazazi wake. Tena mtoto aliyefikia umri wa miaka 14 huulizwa ridhaa yake mwenyewe. Na aulizwe kwa kweli, si kwa kukumbushwa usiku uliotangulia ni nani amnunuliaye viatu.

Twaja sasa kwenye jiwe ambalo wengi hujikwaa: ridhaa ya baba asiyeonekana. Watu hudhani kwamba mtu aliyetoroka amepoteza kila kitu kwa kutoroka kwake. Sivyo. Sheria hutaka ridhaa ya wazazi wa mtoto kabla ya amri ya kuasili kutolewa, na kutoonekana peke yake hakufuti jina lake. Lakini sheria haikumwacha mtoto akining'inia kwa ajili ya mtu mmoja asiyejali. Mahakama yaweza kuendelea bila ridhaa hiyo ikiridhika kwamba mzazi amemtelekeza mtoto au amemtesa mara kwa mara, au kwamba hapatikani, au hana uwezo wa kutoa ridhaa, au anaikataa bila sababu ya haki.

Neno “hapatikani” ni zito kuliko lionekanavyo. Maana yake si kwamba mama hataki kumtafuta. Mahakama itauliza: ulimwuliza nani? Mama yake yu hai? Wadogo zake wako wapi? Ulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji chao? Mahali alipokuwa akifanya kazi wanasemaje? Namba ya simu uliyokuwa nayo uliipiga lini mara ya mwisho? Tumewahi kuwaona akina mama wenye haki kamili wakijiharibia wenyewe hapa, kwa kusema hawajui chochote, hali shangazi wa mtoto hukutana nao sokoni kila Jumamosi. Uongo wa namna hiyo haumwumizi yule mwanamume hata kidogo. Humwumiza mtoto, siku shangazi atakaposimama mbele ya hakimu. Heri mama aeleze yote ayajuayo, alete na majibu aliyoyapata, hata kama majibu yenyewe ni kimya.

Ipo na njia nyingine mbaya kuliko hiyo. Baba wa mtoto amepatikana, naye ni maskini. Basi jamaa hushauriana kwamba apewe laki mbili atie sahihi aende zake. Mahakama hutaka kuridhika kwamba hakuna aliyelipa wala aliyelipwa kwa ajili ya mtoto, isipokuwa kwa kibali chake. Mtoto aliyenunuliwa sahihi, hata kwa nia njema, ameuzwa. Hatuna neno laini zaidi la kutumia.

Na ile njia iliyozoeleka kuliko zote, ya kuandika jina la baba wa kambo kimyakimya katika karatasi za shule, kisha katika cheti cha kuzaliwa? Wengi huifanya kwa upendo. Hawataki mtoto achekwe, na twaelewa. Lakini kumwambia msajili kwamba wewe ndiwe uliyemzaa, hali hukumzaa, ni kusema uongo mbele ya ofisi ya serikali, na kuta za uongo huo huanguka kila pindi vipimo vya damu au shahidi mmoja anapoitwa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mtoto imesema kwamba mtoto anayo haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi waliomzaa na jamaa zao. Haki hiyo ni ya mtoto. Mama hana ruhusa ya kuifuta kwa sababu moyo wake una jeraha, ingawa jeraha hilo ni la kweli.

Twajua ugumu wa jambo hili. Mama aliyeachwa na mimba, aliyechekwa kisimani, hapendi hata kulitamka jina lile. Lakini mtoto atalisikia tu, na mara nyingi hulisikia kwa adui, katika ugomvi wa watoto, au kutoka kwa mlevi. Afadhali alisikie kwa mama yake, mchana, bila matusi. Baba wa kambo mwenye hekima hukaa karibu siku hiyo. Mtoto akijua kwamba mtu huyu alimchagua huku akijua yote, hampendi pungufu.

Wala tusidhani kwamba kuasili ndiyo dawa ya kila nyumba. Ziko nyumba ambamo ulezi watosha na ni bora. Mfano, baba mzazi yupo mbali lakini hutuma kitu, hata kama ni kidogo na kwa kuchelewa. Kumkata kabisa ni kumwondolea mtoto haki ya kudai matunzo kwake, na pia mahali pake katika urithi wa upande huo, maana sheria imekataza mtoto anyimwe kufaidi kwa kiasi cha haki mali ya mzazi wake. Mama anayedai matunzo kwa baba aliyezaa naye asikawie, kwa sababu sheria imeweka muda wa kuleta madai ya namna hiyo; aende kwa afisa ustawi wa jamii mapema. Amri ya matunzo kwa kawaida hukoma mtoto afikapo miaka 18, lakini yaweza kuendelezwa iwapo bado yumo masomoni.

Pia ipo njia iliyo rahisi kuliko zote, ambayo fundi wetu angaliweza kuifuata jioni moja tu baada ya kazi. Ni wosia. Mtu aweza kumpa mtoto wa kambo sehemu ya mali yake kwa wosia ulioandikwa na kushuhudiwa inavyotakiwa, na aweza kuuweka kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini ili usichomwe wala kufichwa. Wosia haumfanyi mtoto kuwa wake. Lakini ungalimpa yule kijana walau randa moja ya kujifunzia ufundi wa mtu aliyemlea. Wanaume wetu huogopa wosia kama wanavyoogopa bundi juu ya paa, nasi hatujui kwa nini, kwa maana hatujaona bado aliyekufa kwa kuandika.

Nao bibi je? Nyumba nyingi leo hazina baba wa kambo wala mama. Mama amekwenda mjini au ng'ambo kufanya kazi, na mtoto amebaki na bibi mzaa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wamefariki, sheria inakubali wajibu wa uzazi upite kwa ndugu kwa amri ya mahakama au kwa mapatano ya kimila. Wakiwa hai lakini mbali, bibi huyu asingoje siku ya upasuaji hospitalini ndipo atafute ni nani wa kutia sahihi. Mama kabla ya kupanda gari na aandike barua mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na kama safari ni ya miaka, bibi aombe amri ya kukaa na mtoto.

Upande wa Kanisa jambo ni wazi kuliko watu wadhanivyo. Kanuni ya 110 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema kwamba watoto walioasiliwa kwa kufuata sheria ya nchi huhesabiwa kuwa watoto wa hao waliowaasili. Katika kitabu cha ubatizo huandikwa majina ya wazazi walioasili, na pia ya wale waliomzaa, walau pale ambapo serikali nayo huyaandika katika daftari lake. Kwa hiyo mzazi asimwombe katekista “arekebishe” jina kwa kalamu. Alete hati ya mahakama kwa paroko. Na undugu huo si wa karatasi tu: kanuni ya 1094 yakataza ndoa kati ya mtoto aliyeasiliwa na mzazi aliyemwasili, na hata kati yake na ndugu aliowapata kwa kuasiliwa.

Nani basi wa kumwendea? Mwanzo wa njia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Afisa huyo ndiye atakayekuja kuiona nyumba, kuzungumza na mtoto, na kuiandikia mahakama taarifa. Naye hulipwa na serikali, si na mwombaji. Yeye atawaeleza ombi lipelekwe mahakama ipi, maana ulezi na kuasili havipiti njia moja, na Mahakama Kuu ndiyo yenye mamlaka juu ya kuasili. Chukueni cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama kilivyo, hata kama nafasi ya baba ni tupu. Cheti cha ndoa yenu. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Na kila kipande cha karatasi kionyeshacho jinsi baba mzazi alivyotafutwa, zikiwamo barua zilizorudi bila kufunguliwa. Kama mtoto amefika umri wa kuelewa, mchukueni naye, na mwelezeni njiani mnakokwenda.